Hakuwa Mbuzi, Alikuwa Ndama

Wakuu, kabla ya yote tuwekane sawa: hakuwa mbuzi. Nasema hivi kwa sababu ile video imeshatembea. Ilianzia grupu la Wabongo wa hapa Houston, ikahamia grupu la kwaya, ikaruka hadi grupu la ukoo, na jana usiku mama mdogo kanipigia kutoka Kahama, kwa sauti ile ya chini ya kupeana pole ya msiba, ananiuliza, "Mwanangu, eti umekabwa na mbuzi?" Hapana, mama. Alikuwa ndama. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Anasema alikuwa ndama," na huyo mtu wa pembeni akaangua kicheko ambacho hata bila simu kingefika Texas.

Aliyerekodi ni mtani wangu. Ni Mzaramo, jina namhifadhia kwa sababu mkewe yumo humu na anasoma kila kitu. Ndiye aliyerekodi, ndiye aliyerusha, na ndiye aliyeandika pale juu kwa herufi kubwa, "MSUKUMA ANYONGWA NA MBUZI MAREKANI". Sasa mnajua utani wa Wazaramo na sisi ulivyo, hauna polisi wala mahakama. Nikilalamika kwa wazee nitachekwa upya, safari hii na wazee. Kwa hiyo nimeona bora nisimulie mwenyewe, shingo bado ina mstari mwekundu, sauti bado haijarudi, na stika zangu za WhatsApp zimeshafika tatu ninazozijua.

Mnaokaa Houston mnajua mwishoni mwa Februari mji huu huwa unapandwa na wazimu. Kuna rodeo, yaani maonyesho ya mifugo na mashindano ya makauboi; maonyesho yalianza 1932, yanachukua karibu wiki tatu. Kabla haijafunguliwa, watu wanatoka vijijini huko wamepanda farasi, wanakokota na magari ya kuvutwa, wanalala njiani siku kadhaa, polisi wanawasindikiza barabarani, wote wanaelekea mjini. Msafara wa kwanza ulitoka mji wa Brenham mwaka 1952. Weusi wakaanzisha wa kwao 1957, unaitwa Prairie View, upo mpaka leo. Na Ijumaa wanapoingia mjini, Houston nzima inavaa kikauboi. Ukienda benki, keshia kavaa buti. Ukienda kung'oa jino, daktari ana kofia. Mimi miaka yote nilikuwa napita na kofia ya bei chee niliyonunua kituo cha mafuta, naivaa asubuhi, ikifika saa nne nimeshaisahau kwenye friji ya kazini.

Mwaka huu nikasema hapana. Na sababu ya kusema hapana ni mdomo wangu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja tupo mapumziko, tunakula, binti mmoja tunayefanya naye zamu, Mmarekani mweusi, akaanza kutusimulia kuhusu baba yake: ana ranchi ndogo nje ya mji, ana ng'ombe, kila mwaka yumo kwenye msafara wa farasi. Nikasikia kitu kinanipanda. Nikaweka kijiko chini. Nikawaambia, "Ninyi mnaongelea ng'ombe mbele ya Msukuma?" Nikaanza. Babu yangu, mifugo yake, mahari za ng'ombe, jinsi sisi tunavyozaliwa tunajua lugha ya ng'ombe, ng'ombe mkali akisikia Kisukuma anatulia. Watu wakaacha kula. Yule binti macho yamemtoka. "Lazima ukutane na baba yangu."

Sasa ukweli wenyewe, na hapa mtani tafadhali usi-screenshot: mimi nimekulia Mwananyamala, Dar es Salaam. Maziwa niliyoyajua yalikuwa ya pakiti. Likizo tulipelekwa kwa babu, kweli, na ng'ombe walikuwepo, kweli. Lakini nilikuwa nawaona wakitoka zizini asubuhi na wakirudi jioni, na hapo katikati kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Ndicho cheo nilichopewa. Nilipanda hadi kufukuza mbuzi pia, halafu shule ikafunguliwa.

Mwaliko ukaja: Jumamosi, kabla msafara wa mzee haujaondoka, kutakuwa na nyama ya kidari inayokaa kwenye moshi usiku kucha, maharage, muziki, karibu sana na familia. Nikajibu nakuja. Nikaanza kununua.

Buti, sawa. Jinzi, sawa. Mkanda wenye bizimu mbele, sawa. Halafu nikaona kwenye picha kwamba makauboi wa kweli, wale wa kazi, wana skafu shingoni. Siyo kile kitambaa cha pamba chekundu cha majambazi wa kwenye sinema. Ni hariri, kubwa, inchi 36 kila upande, inakunjwa pembe kwa pembe inakuwa pembetatu, halafu inazungushwa shingoni na kufungwa mbele. Nikaagiza. Rangi ya damu ya mzee, ina maua meusi pembeni. Ilipofika, mama watoto akaishika, akaigeuza, akaangalia risiti, akasema taratibu, "Baba fulani, hiki si kilemba? Dola hamsini na kitu? Hizi hela mimi ningetandikwa doti za khanga hapa mpaka mlangoni."

Nikampa somo. Nilikuwa nimesoma, bwana. Nikamwambia hiki kitambaa hakikuwa pambo. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ng'ombe walikuwa wanaswagwa kwa miguu kutoka huku Texas mpaka Kansas, kwenye mji wa Abilene kwenye reli, kuanzia 1867. Ng'ombe elfu mbili, elfu tatu, kundi moja. Wewe kijana mgeni unawekwa nyuma kabisa, na nyuma kule unakula vumbi la kwato zote hizo kutwa nzima, kwa hiyo unavuta skafu mpaka puani. Baridi ikija, hariri inashika joto na haikwaruzi shingo. Upepo ukija, unafungia kofia isiruke. Mkono ukivunjika, unauning'iniza humo. Na wanahistoria wanakadiria kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Hapo nikaweka mkono kifuani. Mama watoto akasema, "Sawa. Ila wewe unaenda kula nyama."

Tuje kwenye fundo, maana kesi yote ipo hapa.

Kufunga ile kitu si mchezo. Kuna fundo lao moja likikamilika mbele linaonekana miraba minne imepishana, limelala bapa, zuri ajabu. Nikafungua video, kuna mzee ana masharubu mpaka kidevuni, anafunga huku anaongea habari za hali ya hewa. Mikono yake inapita juu, chini, ndani, kwisha. Mimi nikisimama mbele ya kioo, natoka pale nimefungwa bandeji. Hariri inateleza, wakuu. Ukishika huku inatoroka kule. Mtoto wangu mdogo akapita akauliza, "Baba unaumwa jino?"

Ikabidi nitumie elimu ya Tanzania. Mimi tai nimevaa tangu fomu wani, naifunga gizani, naifunga nikiwa nakimbilia paredi. Nikaikunja ile skafu ikawa utepe mnene, nikazungusha mara moja, nikafunga fundo la tai ya shule. Nikapandisha mpaka kwenye kola. Ncha mbili zikaning'inia kifuani zinang'aa. Nikajitazama upande, nikajitazama mbele. Asikwambie mtu, nilipendeza.

Mtani alikuja kunipitia, maana alikuwa amejialika. Akanitazama shingoni muda mrefu kidogo. "Mtani, hilo fundo la wapi?"

"La kikauboi."

"Haya," akasema, akawasha gari. Hilo "haya" likumbukeni. Huyu mtu shule alikuwa skauti. Tena kiongozi.

Tukafika. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi ti, kofia imekaa kichwani haina wasiwasi, na shingoni ana skafu nyeusi ya madoadoa meupe, imefungwa bapa, fundo limelala chini ya kidevu halina habari na mtu. Akanipa mkono. Mkono mgumu ule. Akaangalia shingo yangu, akafungua mdomo kutaka kusema kitu, na hapo hapo binti yake akamwita kwenye moshi aje aangalie nyama. Hatima za watu huwa zinaamuliwa hivyo.

Nikaachwa na wageni. Mbele yetu ng'ombe wanakula, na wakuu, wana nundu! Hawa wa pwani ya Texas wengi wana damu ya ng'ombe wa India, wanaitwa Brahman, nundu imesimama, shingo ina ngozi inayoning'inia. Wamezidi wa kwetu ukubwa mara mbili, lakini sura ni ile ile ya kwa babu. Nikapata nguvu za ajabu. Nikaanza kuwaonyesha wageni, "Unaona hii nundu? Hawa sisi tunawajua." Watu wanatikisa kichwa. Mama mmoja akaniuliza ng'ombe yule pale anafikiria nini, nami nikajibu. Nikasema ana mawazo ya mvua.

Kwenye kona kulikuwa na kibanda na geti la bomba za chuma, zile za kulala, na ndani yake ndama peke yake. Mjukuu wa mzee akatuelezea kwamba mama yake ndama alikufa, wanamlisha maziwa kwa chupa, na sasa kila anachokiona anadhani ni chuchu. Hii sentensi ya mwisho niliisikia. Nilisikia kila neno. Nikaitafsiri kichwani mwangu kuwa "anapenda watu".

Wageni wakasogea, simu juu. Mtani akatafuta pembe nzuri yenye mwanga. Mimi nikaegemea geti, viwiko juu ya bomba, nikainama kwa heshima zote za ukoo, nikamwamkia ndama kwa Kisukuma, "Mwangaluka."

Sasa naomba tutembee polepole, maana kwenye video hapa panapita haraka na nyinyi mnacheka kabla hamjaona.

Kwanza alinitazama. Ana kope ndefu yule ndama, mtu anaweza kumwandikia barua. Akasogea. Pua imelowa, inatoa mvuke kidogo. Akaninusa vidole, akalamba mkono kwa ule ulimi wao wa msasa, na watu nyuma yangu wakasema "aaaw". Nikawageukia nusu, nikawaambia kwa Kiingereza changu chote, "Mnaona? Anajua lugha." Hiyo ndiyo picha ya mwisho ambayo mimi ni binadamu mwenye hadhi yake. Ipo. Isimamisheni hapo, mnitumie.

Nilipogeuka kurudi, ncha moja ya skafu ilikuwa imeshaingia mdomoni kwake.

Sikuogopa. Nilicheka, na wageni wakacheka, kile kicheko cha upendo. Anaivuta ndani taratibu, anafyonza, povu linatoka pembeni. Nikashika katikati, nikavuta kidogo, kistaarabu. Naye akavuta kidogo, lakini yeye hakuwa na ustaarabu.

Waliovaa tai wanisikilize hapa. Fundo la tai ya shule lina ncha mbili na hazifanyi kazi moja. Ukivuta ile ya mbele, fundo linajikaza lenyewe, basi. Ukivuta ile ya chini, ile nyembamba ambayo kwa kawaida inajificha nyuma, fundo linapanda. Linapanda linaelekea kooni, na duara linapungua. Ndivyo tulivyokuwa tunajikaza tai asubuhi mwalimu wa zamu akitokea. Kwenye skafu ncha zote zina unene sawa na urefu sawa, huwezi kujua ipi ni ipi kwa macho. Yule ndama alikuwa nazo mbili mbele ya pua yake, akachagua ile ya chini.

Nikalisikia fundo likipita kifungo cha kwanza cha shati. Nikalisikia linafika kwenye koromeo. Likasimama hapo, likakaa, likajitengenezea makazi. Na kwa kuwa mate ya ndama yalikuwa yameshalowesha kitambaa mpaka juu, ile hariri iliyokuwa inateleza nyumbani sasa ikawa haitelezi tena. Nikaingiza kidole kati ya fundo na shingo. Kikaingia kimoja. Kikabaki humo.

Halafu maziwa hayakutoka. Ndama akinyonya na maziwa yasitoke, huwa anapiga kiwele cha mama yake kwa kichwa ili yashuke. Hii niliijua, kwa babu niliiona mara nyingi, ndiyo elimu pekee ya mifugo niliyokuwa nayo, na ilinijia wakati ambao haikuwa na msaada. Akarudi nyuma hatua, skafu ikakaza. Akaja na kichwa. Pu! Kwenye geti. Geti likanigonga kifua. Akarudi nyuma tena, skafu ikakaza tena, nami nikafuata, kidevu kikapita juu ya bomba. Pu! Kofia ikaruka, ikatua kwenye hori la maji. Akarudi nyuma mara ya tatu, na hapo visigino vya buti vikaachana na ardhi.

Ile stika ya kwanza, yenye maandishi "Nipo kwenye kikao", ilikatwa hapo. Mbele yangu, kule kwa ndama, hamuoni kitu. Mnaona jinzi mpya, na lebo yake ambayo sikuitoa.

Kiingereza kiliniaga pale pale. Nilitafuta neno "help" sikulipata, lilikuwa limeondoka na hewa. Kilichobaki ni malezi. Mimi nimelelewa kwamba ukizidiwa nguvu na mtu, jinyenyekeze. Sasa sikilizeni video vizuri, ongezeni sauti, kuna kitu kinatoka kama pampu ya baiskeli. Ni mimi. Nilikuwa namwamkia ndama. "Shika... moo."

Wamarekani walisikia "moo" peke yake.

Wakapiga makofi. Wallahi tena. Yule mama wa mawazo ya mvua akasema kwa sauti, mmemsikia kwenye video, "Anaongea naye!" Na mtani, ambaye ni mtu pekee kati ya watu wote wale aliyeelewa kwamba mwanaume mzima mwenye watoto amempa shikamoo ndama ambaye hajaachishwa kunyonya, akakaa chini. Ndiyo maana picha inashuka ghafla pale. Hakuanguka kuja kuniokoa. Alikaa chini kwenye nyasi ili acheke vizuri, na mkono wenye simu akauacha juu.

Aliyeona kwamba naondoka ni mzee. Alikuwa anatoka kwenye moshi na sahani. Hakukimbia. Akaweka sahani juu ya nguzo, akaifunika na kitambaa nzi wasitue, akaja anatembea, na njiani akatoa kisu mfukoni akakifungua. Nikakiona kile kisu kwa jicho la pembeni, nikaelewa anataka kukata skafu. Na hapa nawaambia jambo ambalo hata sasa silielewi: nilitikisa kichwa. Sina hewa, miguu inaelea, na nikamfanyia kwa kidole kimoja kilichokuwa huru, hapana, usikate. Kwa sababu mbele ya macho yangu haikunijia nuru wala malaika, ilinijia risiti, na mama watoto ameishika.

Mzee akanitazama. Akakunja kisu. Akaingiza vidole viwili pembeni mwa mdomo wa ndama, pale kwenye kona ambapo hakuna meno, akafungua kidogo hewa ikaingia, na ndama akaachia palepale, bila kinyongo. Skafu ikatoka mdomoni inch... samahani, inchi kwa inchi, imebadilika rangi, imeongezeka urefu. Nikashuka kutoka kwenye geti kwa mpangilio ambao haukuwa na mpangilio. Ndama akaanza kunyonya kifundo cha mkono wa mzee, amenisahau kabisa.

Fundo likagoma. Yule binti wa kazini alilifungua kwa jino la uma, nimelazwa kwenye benchi, anatumia sauti ile ile tunayotumia kwa wazee wetu kazini: "Usihangaike, mpenzi, vuta pumzi, tupo hapa." Mikono yake mizuri kwa kweli. Lilipoachia nilipumua mpaka mbwa wakaamka.

Ndipo mzee akakaa pembeni yangu. Hakucheka. Akavua skafu yake, akanionyesha polepole: kulia juu ya kushoto, pitisha, kisha kushoto juu ya kulia, pitisha, laza. Akavuta ncha hii, halikupanda. Akavuta ile, halikupanda. Halafu akashika ncha moja akaipiga mvuto mmoja mkali kurudi upande wa pili, fundo likajigeuza, likateleza lote, skafu ikabaki wazi mkononi. Akasema ukinaswa na tawi au na kamba huku farasi anaenda, unataka kitu kinachokubali kuachia.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu anayefuta machozi: "Aaa, hilo si lile letu la skauti."

Nikamgeukia. Alikuwa bado anarekodi.

Mzee kwa kunifariji, au labda si kwa kunifariji, akatusimulia habari za Bill Pickett. Mweusi wa Texas, amezaliwa 1870, ndiye aliyeanzisha ule mchezo wa kumrukia dume la ng'ombe kutoka kwenye farasi na kuliangusha. Na yeye alikuwa analiangusha kwa kuling'ata mdomo. Meno yake kwenye mdomo wa dume, anajitupa nyuma, dume chini. Wamemweka kwenye jumba la mashujaa wa rodeo, 1971. Mzee akatulia akanywa soda yake, akasema, "Tangu nizaliwe, leo ndiyo mara ya kwanza naona ng'ombe wamelipiza." Hapo ndipo akacheka. Akacheka mpaka kofia akaivua.

Huyo Pickett, kwa taarifa yenu, mwaka 1994 posta ya Marekani ilimtengenezea stempu, wakachapa picha ya ndugu yake badala ya yeye. Familia ikalalamika, wakazirudisha wakachapa upya. Mimi ndugu ninao wanne, wote tunafanana, na hakuna hata mmoja aliyejitokeza kusema kwenye video ni yeye.

Mengine ni madogo madogo. Nyama ilikuwa tamu, nilikula laini tu. Kofia imekauka lakini imekuwa bakuli. Skafu nimeifua kwa maji baridi kwa mkono, ipo kwenye kamba, mama watoto amepita pale mara mbili hajasema neno, na hilo ndilo linalonitia hofu. Ile Ijumaa ya kuvaa kikauboi kazini bado haijafika, lakini bibi mmoja wa chumba cha mwisho kule, mwenye miaka zaidi ya tisini, ambaye wiki nzima alikuwa anakataa dawa, jana kanywa zote kwa sharti nimwonyeshe video. Ameomba arudiwe pale kwenye buti. Mjomba wa Maswa ndiye amenimaliza. Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Ndama wa umri gani?" Nikasema mdogo. "Mdogo kiasi gani?" Nikasema wa wiki tatu hivi. Simu ikakatika, na mtandao wa kule ni mzuri siku hizi.

Na mtani leo asubuhi katuma madai rasmi kwenye grupu. Anasema amecheka mpaka mbavu zimeuma, ameshindwa kwenda kazini, kwa hiyo kwa mila zetu namdai... samahani, ananidai ng'ombe mmoja wa fidia. Wazee wa grupu wamekubali, wameweka na dole gumba. Nimemjibu hakuna shida, ng'ombe yupo, nje ya mji kidogo, ni jike, ana afya, hajaachishwa kunyonya. Aende akamchukue mwenyewe. Na avae tai.